Sanduku la Maswali: Bastola na Bia kwenye Meza Moja

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, zote kutoka kwetu huku kaskazini. Maswali ya mirathi na ya mipaka ya mashamba nimeyaacha yasubiri toleo lijalo, ili hizi nizijibu kwa nafasi ya kutosha. Majina ya waandishi nimeyaficha kwa ombi lao.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama mwenye baa hapa Majengo, Moshi, na huu ni mwaka wa tisa. Mwezi uliopita mteja mmoja aliyekuwa akibishana na mwenzake kuhusu mpira alichomoa bastola yake kiunoni, akaiweka mezani kando ya sahani ya nyama, kisha akaendelea kuongea. Hakumgusa mtu, lakini meza za jirani zilihama bila kulipa. Kesho yake nikabandika tangazo mlangoni kwamba mteja haruhusiwi kuingia na silaha. Shemeji yangu, aliyewahi kuishi Marekani, amenicheka. Anasema jimbo la Virginia lilikuwa na katazo kama hilo, likaliondoa mwaka 2010, na uhalifu wa bunduki kwenye baa ukapungua badala ya kuongezeka. Kwa maelezo yake, tangazo langu linawafukuza watu wema na kuwajulisha majambazi kwamba ndani hakuna wa kuwajibu. Je, sheria za namna hii huzuia uhalifu kweli, au tunajidanganya? — *Mama N., Majengo, Moshi*

JIBU: Marahaba, Mama N., na pole kwa usiku ule.

Shemeji yako hakukudanganya kuhusu Virginia, na ni haki yake nianze na hoja yake kabla ya kuleta ya kwangu. Ni kweli kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2010 jimbo hilo liliwaruhusu wenye kibali cha kubeba silaha iliyofichwa kuingia nayo kwenye baa na migahawa inayouza pombe. Ni kweli pia kwamba gazeti la Richmond Times-Dispatch, lilipochambua takwimu za makosa baada ya mwaka mmoja, lilikuta makosa ya bunduki katika sehemu hizo yamekuwa 145, ilhali mwaka uliotangulia yalikuwa 153. Waliotabiri kwamba baa za Virginia zingegeuka uwanja wa vita hawakuona utabiri wao ukitimia, na mtu anayetaka kulizungumza jambo hili kwa uaminifu hana budi kulikubali hilo bila kuguna.

Lakini muulize shemeji yako kama anakumbuka sheria ile ilikuwa na sharti gani. Aliyeruhusiwa kuingia na bastola iliyofichwa alikatazwa kunywa pombe humo ndani. Akitaka bia, bastola ibaki nje. Akitaka bastola, aagize soda. Tena kabla ya Julai 2010 mtu aliyebeba silaha yake wazi, ikionekana kiunoni, hakuwa amekatazwa kuingia kwenye sehemu hizo, kwa hiyo mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo kuliko yanavyosimuliwa. Mteja wako wa Majengo, aliyekuwa na chupa mkono mmoja na bastola mkono wa pili, hakuwa akifanya kilichohalalishwa Virginia. Kama bastola yake ilikuwa imefichwa wakati anakunywa, kule pia angekuwa na kesi ya kujibu.

Kisha kuna hesabu. Pungufu ya makosa manane kwa jimbo zima, kwa mwaka mmoja, ni ndogo mno kubebeshwa hukumu kubwa. Miaka hiyo makosa ya matumizi ya nguvu yalikuwa yakipungua Marekani nzima, hata katika majimbo ambayo hayakugusa sheria zake za baa. Wahenga walisema jogoo awike asiwike kutakucha, na ndivyo ninavyoziona takwimu za Virginia: kulikuwa kunakucha tayari. Taasisi ya utafiti ya RAND, ambayo imefanya kazi ya kukusanya na kupima tafiti za Kimarekani kuhusu sheria za silaha, iliona kwamba ushahidi juu ya maeneo yaliyopigwa marufuku silaha hautoshi kutoa uamuzi upande wowote. Shemeji yako hawezi kuitumia Virginia kukushinda, na wewe vilevile huwezi kuitumia kumshinda.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, uhalifu, maana ugomvi wenu mwingi umetoka hapo. Kuna mtu anayeingia baa akitokea nje, amepanga, silaha ameibeba kwa kusudi, na sura yake ameificha au hajali kuonekana. Huyo tangazo lako halimzuii, nawe usijipe matumaini hayo. Julai 2022 huko Soweto, Afrika Kusini, watu wenye bunduki nzito waliingia usiku kwenye baa ya mtaani na kuua watu wasiopungua 15, katika nchi yenye sheria kali ya silaha tangu mwaka 2000. Lakini mwambie pia shemeji yako kuhusu Orlando, Florida, Juni 2016, ambako watu 49 waliuawa kwenye klabu ya usiku iliyokuwa na askari polisi mwenye silaha akilinda. Askari yule alirushiana risasi na muuaji, na hakuweza kumzuia. Wabishani wa pande zote mbili wana tabia ya kuchagua tukio moja na kulificha la pili. Mimi nayaweka yote mezani. Sisi wenyewe hatujasahau Aprili 2014, bomu lilipolipuka kwenye baa moja jijini Arusha na kujeruhi watu zaidi ya kumi. Kwa uhalifu wa aina hiyo kinga yake ni upelelezi, taarifa za raia na polisi wanaofika mapema.

Mtu wa pili ni yule aliyeingia bila nia yoyote mbaya. Amekuja kutazama mpira, amekula, amekunywa ya nne na ya tano, na ugomvi umemkuta palepale alipoketi. Huyu ndiye ninayemfahamu.

Nilikaa kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila Jumatatu asubuhi nilijua mwisho wa wiki ulikwendaje kwa kuangalia benchi la nje. Nawakumbuka mafundi ujenzi wawili. Mmoja alikuwa amefungwa bendeji kuanzia utosini hadi kwenye nyusi, mwingine mkono wake wa kulia umevimba. Walikuwa wamegombania bili ya nyama choma, yaani ni nani aliyeagiza nusu kilo ya pili, na mmoja akampiga mwenzake chupa ya bia kichwani. Karani alipowaita waliinuka pamoja, na yule mwenye bendeji ndiye aliyemshika mwenzake kiwiko asijikwae kwenye kizingiti. Walikuwa wameshapatana kwenye daladala wakija mahakamani. Mlalamikaji aliniomba jambo liishe kwa gharama za matibabu, na mshtakiwa alilia kwa aibu mbele ya mke wake aliyekaa nyuma akiwa na mtoto mgongoni.

Kesi za namna hiyo zilinipitia nyingi kiasi kwamba nyingine nimezichanganya, lakini wengi wao walifanana kwa jambo moja: mpigaji na mpigwaji wote wawili walifika. Kesi ya kuua haisikilizwi na mahakama ya mwanzo. Ile huenda Mahakama Kuu, na huko anafika mmoja. Sidhani kabisa kwamba yule fundi aliyekamata chupa alikuwa na hasira ndogo kuliko mtu anayekamata bastola. Alikamata kilichokuwa karibu na mkono wake.

Hilo si hisia yangu peke yangu. Mwaka 1968 msomi wa sheria wa Marekani, Franklin Zimring, alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za polisi wa Chicago akilinganisha watu walioshambuliwa kwa kisu na walioshambuliwa kwa bunduki. Alikuta kwamba mashambulizi ya bunduki yaliishia kwenye kifo takriban mara tano zaidi ya yale ya kisu, ingawa sababu za ugomvi zilifanana sana: watu wanaofahamiana, kutukanana, fedha, wivu, na mara nyingi pombe ndani yake. Alionyesha kwamba wengi wa washambuliaji hawakuwa wameazimia kuua kwa gharama yoyote. Aliyekuwa na kisu alichoma, na aliyekuwa na bunduki alifyatua. Tofauti kati ya majeruhi na marehemu ililetwa kwa sehemu kubwa na chombo.

Na je, kuna mahali walipojaribu kukitenganisha chombo hicho na pombe, wakapima matokeo? Jaribio ninaloliamini kuliko mengine lilifanyika Kolombia. Katika jiji la Cali mwaka 1993 na 1994, na baadaye Bogotá kati ya 1995 na 1997, mamlaka zilikataza watu kubeba silaha hadharani kwa siku maalumu: mwisho wa wiki unaofuata siku ya mshahara, sikukuu, na siku za uchaguzi. Katazo liliwahusu hata wenye vibali. Polisi waliweka vizuizi barabarani na kupekua watu na magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha siku za katazo na siku nyingine, ukakuta mauaji yalikuwa chini kwa takriban asilimia 14 Cali na asilimia 13 Bogotá. Zingatia siku walizochagua, Mama N. Wewe mwenye kaunta huhitaji kuelezwa kwa nini walichagua mwisho wa wiki wenye mshahara.

Kuna pia mji wa Diadema, karibu na São Paulo, Brazili, ambao haukugusa bunduki bali saa. Kuanzia Julai 2002 baa zililazimishwa kuacha kuuza pombe ifikapo saa tano usiku, na watafiti waliofuatilia walikadiria kwamba mauaji yalipungua kwa karibu tisa kila mwezi. Waliokuwa na bunduki Diadema walibaki nazo nyumbani kwao. Kilichopungua ni zile saa za usiku wa manane ambazo bunduki, bia na ugomvi hukutana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili. Sheria inayokataza silaha kwenye baa haimzuii jambazi, lakini inaweza kumzuia mteja wako wa kawaida asigeuke muuaji kati ya saa nne na saa saba usiku, ikiwa kuna mtu mlangoni wa kuisimamia na ikiwa saa za kufunga zinaheshimiwa. Karatasi peke yake haifanyi kazi hiyo. Cali walikuwa na vizuizi vya polisi. Wewe una karatasi na gundi.

Hapo nakumbuka kilabu cha mbege cha jirani yetu nilipokuwa kijana, huko juu mlimani. Wanaume walipita pale wakitoka kwenye vihamba vyao vya migomba na panga mkononi, na mama mwenye kilabu hakumpa mtu kata ya mbege mpaka panga lake liwe limewekwa chini ya kiti chake yeye mwenyewe, alichokalia tangu jioni hadi mgeni wa mwisho aondoke. Hakuna aliyeandika sheria ile. Aliyekuja akiyumba kudai panga lake aliambiwa arudi asubuhi, na asubuhi alirudi.

Ningependa kukuambia ufanye vivyo hivyo, lakini hapa lazima nikuonye kwa nguvu zangu zote: bastola si panga. Usikubali hata siku moja kumhifadhia mteja silaha yake chini ya kaunta, kwenye droo ya fedha wala kwenye friji. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, na ukikutwa umeishika bila leseni yako mwenyewe utaeleza mbele ya polisi kwa nini uko nayo, na siku ikipotea utaeleza zaidi. Maneno yako mlangoni yawe mafupi: "Baba, rudi nyumbani uiweke, kiti chako tutakutunzia." Mwajiri mlinzi anayejua kusema hivyo bila kiburi, maana mteja aliyefedheheshwa mlangoni ni ugomvi mwingine. Anayekataa asiuziwe. Na mteja aliyeweka silaha mezani usibishane naye juu ya tangazo lako. Ondoa wahudumu wako karibu yake, kisha piga 112 ukiwa nyuma. Saa za kufungua na kufunga zilizoandikwa kwenye leseni yako ya vileo zifuate hata siku ambayo jirani yako hazifuati. Najua hilo litakuuma mfukoni kuliko yote niliyosema.

SWALI: Habari za kazi, Mzee wetu. Mimi ni dalali wa madini Arusha na nina leseni halali ya bastola; nilipitia ngazi zote za maombi na sijawahi kuitumia vibaya. Kazi yetu inajulikana, na watu wanajua tunatembea na fedha. Agosti 2013 mfanyabiashara mkubwa wa tanzanite aliuawa kwa risasi wilayani Hai, na tangu hapo wengi wetu hatulali vizuri. Sasa baa nyingine zimeanza kutukagua na kuturudisha mlangoni. Nikiiacha bastola kwenye gari itaibwa, na nikiingia bila silaha ninarudi nyumbani usiku bila kinga. Je, huku si kumwadhibu raia mwema kwa makosa ya wahuni? — *Dalali, Arusha*

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hofu yako ni ya kweli na sitaifanyia mzaha. Mauaji yale yalitushtua sote, na kesi yake ilisikilizwa hapa Moshi na Mahakama Kuu, ambayo ilitoa hukumu mwaka 2018. Lakini yatazame tena kwa makini. Aliuawa mchana, kando ya barabara, na watu waliokuwa wamejipanga. Hiyo ndiyo hatari ya kazi yako, nayo iko njiani na iko kwa watu wanaokujua ratiba. Ukishakaa kwenye kiti cha baa na kuagiza, hatari nyingine inaongezeka ambayo haikuwapo barabarani, nayo ni wewe mwenyewe baada ya chupa ya nne. Mtu aliyelewa huchelewa kuona, hulenga vibaya, na husahau koti lake kwenye kiti. Majambazi wanaotafuta bastola wanalifahamu koti hilo kuliko unavyolifahamu wewe.

Kuhusu gari umesema kweli, na wanaotunga makatazo haya mara nyingi hawalifikirii. Katika miji mingi ya Marekani bunduki zinazoibwa kwenye magari zimekuwa tatizo kubwa la polisi, na sehemu ya sababu ni wenye silaha kuziacha humo wanapokwenda mahali zisikoruhusiwa. Basi usiiache kwenye gari. Pitia nyumbani kwanza, iweke kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, pamoja na fedha, kisha utoke mikono mitupu, na urudi na dereva unayemwamini kabla usiku haujawa mkubwa. Jioni ambayo huwezi kupita nyumbani, kunywa maji au usiende. Ukisafiri siku nyingi, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uulize utaratibu wa kuihifadhi huko.

Juu ya kuadhibiwa: hapa kwetu umiliki wa silaha ni ruhusa inayotolewa kwa masharti, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Hata Marekani, ambako katiba yao inaitaja silaha kuwa haki, na ambako Mahakama ya Juu iliipanua haki hiyo Juni 2022, jimbo la New York liliandika mwaka uleule kwamba silaha haziingii mahali penye leseni ya kunywea pombe. Texas, jimbo linaloipenda bunduki kuliko mengi, lina utaratibu wa miaka mingi kwamba mahali panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapohapo pabandike kibao chenye namba 51 kubwa nyekundu, na mwenye bastola akikiona anajua haingii nayo. Mwenye baa wa Arusha anayekurudisha mlangoni hakuiti mhuni. Anakuomba kitu ambacho Texas pia imekiomba.

SWALI: Shikamoo Baba. Mimi ni mhudumu wa baa Arusha, nina miaka 24. Kuna mteja huja kila Ijumaa, na kila akija anaweka bastola juu ya meza, kisha ananiita nikae naye. Nikikataa anaigeuza geuza mtutu unielekee, anacheka, anasema ina leseni. Meneja wangu anasema nivumilie kwa sababu mtu huyo hununulia baa nzima. Je, ikiwa ana leseni kweli, sina la kufanya? — *Mhudumu, Arusha*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niache mirathi na mipaka mwezi huu, na nimeiweka mwisho kwa sababu nilitaka wasomaji waifikie wakiwa wameshasoma hesabu zote za Virginia na Kolombia. Katika hesabu zile wewe hukuhesabiwa. Hukupigwa risasi, hukuibiwa, hakuna jalada lililofunguliwa, na kwa takwimu Ijumaa yako ni Ijumaa ya amani.

Leseni ni ya kumiliki. Hakuna leseni ya kutisha watu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuwa kosa mtu kwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayotia wengine hofu, na inafanya kuwa kosa kumtishia mtu madhara kwa nia ya kumwogofya. Makosa hayo hayaulizi kwanza kama bastola imesajiliwa. Mtu anayemwelekezea mhudumu mtutu kwa sababu amekataa kuketi naye ametenda jambo ambalo polisi wanapaswa kulisikia, na wanaohusika na leseni za silaha pia wanapaswa kulisikia, maana mwenendo wa mwenye leseni ni jambo lao.

Meneja wako anakuuza kwa bei ya kreti za bia, na ninaandika hivyo nikijua anaweza kuisoma safu hii. Usimpinge peke yako. Zungumza na wahudumu wenzako, ombeni pamoja kwamba zamu za Ijumaa asiachiwe mmoja peke yake kumhudumia mtu huyo, na kama kuna mwanamume wa kaunta mwenye busara, yeye ndiye apeleke oda. Mteja akianza kuigeuza bastola, usimjibu wala usicheke naye. Ondoka kama unayekwenda kuchukua bili, usirudi. Kituoni usiende peke yako. Nenda na mtu mzima unayemwamini, na uliza dawati la jinsia, kwa kuwa anachokutaka mtu huyu kwa kutumia bastola ni mwili wako. Wakikujibu kwamba ana leseni, sema ulichokiandika kwenye barua hii: mtutu ulikuelekea.

Kuna jambo moja la kufanya kuanzia Ijumaa ijayo ikimkuta bado anakuja. Chukua daftari dogo la shule, usilitumie kwa kitu kingine. Andika tarehe, saa aliyoingia, meza aliyokaa, maneno aliyosema kama alivyoyasema, bastola ilikuwa upande gani wa meza, na majina ya waliokuwa karibu na kuona. Mahakamani nimeona mashahidi wengi waliosema kweli tupu wakashindwa kwa sababu walikumbuka siku tofauti. Andika usiku huohuo ukifika nyumbani, kabla hujalala, na daftari lisikae kazini.